Mbwa Anayewinda na Mbwa Anayetisha

Tuseme leo kuna kesi mbili mbele ya mwenyekiti wa kitongoji chenu. Kesi ya kwanza ni ya mbwa aliyeua kuku watano wa jirani. Kesi ya pili ni ya mbwa aliyemng'ata mgeni mlangoni. Watu wamekaa chini ya mwembe. Wengi wanasema neno moja tu: "Mbwa hawa ni wakali. Wauawe."

Wewe ungesema nini?

Ndugu msomaji, kabla ya kujibu, tujifunze kidogo. Mbwa wa kwanza si mkali. Mbwa wa pili ni mkali. Wote wawili wametumia meno, lakini sababu zao ni mbili tofauti. Mtu asiyejua tofauti hiyo anaweza kumwua mbwa ambaye angefundishika. Anaweza pia kumwacha mbwa ambaye kesho atamwumiza mtoto. Hasara yake si ndogo. Kuku watano ni sare ya shule ya mtoto. Mbwa mlinzi mzuri ni usingizi wa usiku kwa mwenye mbuzi, hasa mahali fisi wanapopita. Na kovu la mtoto usoni halifutiki.

Somo hili ni juu ya mbwa wa kazi. Ni mbwa wanaolinda nyumba, wanaofuatana na mifugo, wanaofukuza nyani na nguruwe mwitu mashambani, na wanaowinda pamoja na watu. Hatusemi habari za mbwa wa kuchezea.

Hamu ya kuwinda

Mtazame paka wako anapomwona panya. Anatulia. Macho yanakaza. Tumbo linashuka chini. Hapigi kelele. Kisha anaruka. Je, paka amemkasirikia panya? La. Panya hajamkosea paka neno lolote. Paka anawinda tu. Na wewe unapomkimbiza jogoo uwanjani ili umchinje kwa ajili ya mgeni, huna chuki na jogoo huyo.

Mbwa naye ni hivyo hivyo. Ndani yake mna hamu ya kukimbiza na kukamata. Hamu hiyo tutaiita hamu ya kuwinda. Ameirithi kwa mababu zake, yaani mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambao chakula chao kilikuwa mawindo. Watu wamefuga mbwa kwa zaidi ya miaka 10,000, lakini hamu hiyo haijaisha.

Kuwinda kwa mbwa kuna hatua zinazofuatana. Kwanza anaona kitu au ananusa harufu, akageuza kichwa. Kisha anakaza macho. Kisha ananyata polepole, kichwa kikiwa chini. Kisha anakimbiza. Kisha anakamata kwa meno na kutikisa mpaka kitu kife. Mwishoni anararua na kula.

Si kila mbwa ana hatua zote kwa nguvu sawa. Wachungaji wa Uskoti na kaskazini ya Uingereza wana mbwa wa kondoo aitwaye koli. Koli anakaza macho, ananyata na kukimbiza, lakini hafiki kwenye kuua. Kwa miaka mingi watu walichagua wazazi wenye hatua za mwanzo tu. Kwa hiyo mchungaji anaweza kumtuma koli akusanye kondoo wote wa mlimani bila mmoja wao kuumia. Ukimtazama utasema anachunga. Kwa kweli anawinda, ila uwindaji wake umekatwa katikati.

Uturuki nako kuna mbwa wakubwa wa kulinda kondoo. Hao ni kinyume cha koli. Hamu yao ya kuwinda ni ndogo sana. Kondoo akikimbia mbele yao, wanamtazama tu. Ndiyo maana wanaweza kulala katikati ya kundi bila kulisumbua.

Mbwa wetu wa vijijini wamechanganyika. Hakuna aliyechagua wazazi wao. Katika uzao mmoja utamkuta anayekimbiza kila kitu, hata majani yanayopeperushwa na upepo. Utamkuta pia ndugu yake anayelala huku vifaranga wakimpanda mgongoni. Kwa hiyo mtu anayechagua mtoto wa mbwa asitazame rangi peke yake. Akae nusu saa, atazame jinsi kila mmoja anavyocheza. Anayetaka mbwa wa kukaa na mbuzi amwache yule anayerukia kila kinachotikisika. Anayetaka mbwa wa kufukuza nguruwe mwitu shambani amchukue huyo huyo.

Ni nini kinachoamsha hamu ya kuwinda? Ni mwendo. Kuku anayedonoa kwa utulivu anaweza kupita mbele ya mbwa bila taabu. Kuku huyo huyo akishtuka, akapiga kelele na kukimbia huku akipiga mabawa, mbwa anainuka. Ndivyo ilivyo kwa mwana-mbuzi anayerukaruka, kwa baiskeli, kwa pikipiki, na kwa mtoto anayekimbia.

Wengi hufikiri mbwa anaua kuku kwa sababu ya njaa tu. Njaa inaongeza, ni kweli. Lakini mbwa aliyeshiba naye anakimbiza. Ndiyo maana mara nyingine unakuta kuku watano wamekufa na hakuna hata mmoja aliyeliwa. Watu wakiona hivyo husema mbwa ana roho mbaya. Mbwa hana roho mbaya. Kila kuku aliyekimbia alimwamsha upya.

Ukali

Sasa tumtazame mbwa wa pili, aliyemng'ata mgeni. Yeye hakunyata. Alisimama, akabweka, akanguruma, akatoa meno. Nywele za mgongoni zilisimama. Alikuwa anapeleka habari. Habari yenyewe ni hii: "Ondoka!"

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa, na ningependa uikumbuke hata ukisahau mengine. Mbwa anayewinda anataka kukipata kitu. Mbwa mkali anataka kitu kiende mbali. Kwa hiyo anayewinda hunyamaza, maana kelele zingemkosesha mawindo. Aliye mkali hupiga kelele, maana kelele zake ndizo fimbo yake. (Mbwa wengine hulia kwa furaha wakati wa kukimbiza. Lakini hawangurumi.)

Ukali nao una sababu nyingi. Ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni hofu. Wengi hawaamini neno hili. Wanafikiri mbwa mkali ni shujaa. Tazama vizuri. Mbwa anayebweka huku akirudi nyuma, masikio yamelala, mkia uko chini, ni mbwa anayeogopa. Huyo ndiye anayekuuma ukigeuka au ukimbana kwenye kona.

Sababu nyingine ni kulinda. Mbwa hulinda uwanja wake, mfupa wake, watoto wake na watu wake. Jike aliyezaa anaweza kumwuma hata anayemlisha. Tena kuna maumivu. Mbwa mwenye kidonda sikioni, ukimshika kichwa, atauma. Usimwite mkali. Mtibu sikio.

Mbwa mmoja anaweza kutoka kwenye kuwinda na kuingia kwenye ukali katika dakika moja. Tuseme mbwa wako amekamata kuku. Mpaka hapo anawinda. Wewe unakuja mbio, unapiga kelele, unaushika mdomo wake ili umnyang'anye. Sasa analinda chakula. Ananguruma, anakuuma mkono. Watu wangapi wameumizwa hivyo! Kuku amekwisha kufa, na sasa mkono nao una jeraha. Afadhali umtupie mbwa kipande cha chakula mbali kidogo. Akimwacha kuku na kukifuata, mfunge kamba, kisha umwondoe kuku.

Mbwa husema kabla ya kuuma

Kuna msemo kwamba mbwa abwekaye hang'ati. Usiutegemee. Mbwa wengi waliong'ata watu walibweka kwanza.

Mara nyingi mbwa hutoa dalili moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanda ngazi. Kwanza anageuza uso pembeni au analamba midomo wakati hakuna chakula. Weupe wa jicho unaonekana. Kisha mwili unakuwa mgumu kama ubao. Kisha ananguruma. Kisha anatoa meno. Kisha anauma hewa bila kukugusa. Mwisho anauma nyama. Mtu akisema, "Aliniuma ghafla tu," mara nyingi dalili zilikuwapo lakini hazikusomwa. Wewe umejifunza kusoma herufi. Hizi nazo ni herufi.

Kutikisa mkia nako kunawadanganya wengi. Mkia unaotikiswa kwa ulegevu, pamoja na kiuno chote, ni wa urafiki. Mkia uliosimama juu, mgumu, unaotikisika kidogo kidogo, si salamu. Usimshike mbwa huyo.

Sasa nitasema jambo ambalo katika madarasa limeleta ubishi. Usimpige mbwa wako kwa sababu amenguruma. Akimngurumia mtoto, mwondoe mtoto. Kisha tafuta sababu. Labda mtoto alimkanyaga, labda alishika bakuli lake. Ukimpiga kila anaponguruma, atajifunza kunyamaza. Lakini hofu yake haijaondoka. Siku nyingine atauma bila kunguruma, na hapo hamtakuwa na onyo lolote. Ni sawa na mtu anayechoshwa na kengele ya hatari, akaikata kamba yake.

Pilipili, mnyororo na fimbo

Wako wanaompa mbwa pilipili ili awe mkali. Pilipili haifundishi ulinzi. Inachoma mdomo na tumbo. Mbwa mwenye maumivu ya tumbo anaweza kumwuma yeyote, na wa karibu naye ni nani kama si watoto wako?

Wako wanaomfunga mbwa mnyororo mfupi mchana kutwa, wakimfungua usiku tu. Mimi sipendi desturi hii, na sababu zangu si huruma peke yake. Mbwa anayeogopa ana njia mbili: kukimbia au kupigana. Ukimfunga mnyororo umeifunga njia ya kwanza. Imebaki ya pili. Tena mbwa wa mnyororo anaona kuku, watoto na baiskeli vikipita mbele yake siku nzima, na hawezi kuvifikia. Hamu inajaa. Siku mnyororo utakapokatika, itakuwaje? Ikiwa ni lazima kumfunga, mpe kamba ndefu, kivuli na maji, mahali ambapo watoto hawapiti. Afadhali zaidi ni banda lenye uzio.

Fimbo nayo inatumika vibaya. Mwenye mbwa anarudi jioni kutoka shamba, anaambiwa mbwa ameua kuku asubuhi. Anamwita mbwa. Mbwa anakuja akitikisa mkia. Anapigwa. Mbwa amejifunza nini? Amejifunza kwamba akiitwa na kuja, anapigwa. Habari za kuku hazimo kabisa. Kesho hataitika, na kuku atawaua tena. Mbwa huunganisha mambo yanayotokea pamoja, kwa nukta chache tu. Wengine humfunga kuku mfu shingoni mwa mbwa mpaka aoze. Hiyo nayo haimfundishi neno, ila inamnukisha.

Kumfundisha mbwa wa kazi

Hamu ya kuwinda haiondolewi kwa fimbo, lakini inaweza kuzuiwa isijengeke. Wakati mzuri ni utoto. Mtoto wa mbwa, tangu wiki ya tatu mpaka miezi mitatu hivi, anajifunza ni nani walio jamaa zake. Atakaowazoea wakati huo hatawaogopa wala kuwaona mawindo kwa urahisi. Akikua bila kuona wageni, wageni watamtisha maisha yake yote. Akikua kati ya mbuzi, mbuzi watakuwa jamaa.

Jambo hili limejaribiwa karibu na sisi. Katika nchi ya Namibia wafugaji walikuwa wakiua duma kwa sababu duma walikula mbuzi wao. Tangu mwaka 1994, shirika moja linalohifadhi duma limewapa wafugaji mbwa walinzi wenye asili ya Uturuki. Mtoto wa mbwa anawekwa zizini pamoja na mbuzi akiwa na miezi miwili au mitatu hivi. Analala nao, anatoka nao malishoni. Akikua, duma au mbweha akija, mbwa anasimama kati yake na mbuzi na kubweka kwa nguvu. Mara nyingi mnyama huyo anaondoka bila kupigana. Wafugaji wakaona mbuzi wao hawapotei kama zamani.

Labda utasema, "Sisi hatuna mbwa wa Uturuki." Si lazima. Botswana wafugaji wengi wanatumia mbwa wa kawaida wa vijijini, wadogo, wasiokula sana, na mbwa hao wanalinda mbuzi vizuri. Huko Marekani, Wanavajo, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wanalinda kondoo kwa mbwa waliochanganyika kama wetu. Watafiti waliandika habari zao mwaka 1985. Waliona kwamba siri yao ni hiyo hiyo: mtoto wa mbwa anakulia zizini.

Lakini uwe na subira. Mbwa akifika miezi mitano au sita, mpaka karibu mwaka, anakuwa kama kijana mwenye nguvu asiye na kazi. Hapo anaanza kuwakimbiza mbuzi wadogo na kuwauma masikio. Wengi huvunjika moyo na kumwua mbwa wakati huo. Usifanye haraka. Anacheza tu, ila mchezo huo ni mwanzo wa kuwinda, na ukiachwa utakuwa desturi. Mkemee pale pale anapoanza, si baadaye. Akiendelea, mfungie kijiti kizito kwa kamba fupi kwenye ukosi wa shingoni, kining'inie mbele ya miguu yake. Akitembea, hakimsumbui. Akikimbia, kinampiga miguuni. Ukiona ametulia kwa wiki kadhaa, mwondolee. Wakati huo usimwache peke yake na wana-mbuzi.

Na kuku je? Mtoto wa mbwa mfunge kamba, ukae naye karibu na kuku kila siku kidogo. Akiwatazama kisha akageuka kukutazama wewe, mpe kipande cha ugali. Akikaza macho na kushusha kichwa, usingoje akimbie. Mwite, mvute kando. Ni rahisi kumsimamisha akiwa katika hatua ya macho kuliko akiwa mbioni. Mbwa mzima ambaye ameua kuku mara nyingi, sikudanganyi, ni vigumu sana kumwamini tena. Huyo mwondoe penye kuku. Mpeleke kwa mtu mwenye shamba la mbali linalosumbuliwa na nguruwe mwitu, au mfanyie banda, au kuku wawekewe uzio. Kumwua ni njia moja tu, nayo ndiyo ya mwisho.

Tena uangalie makundi. Mbwa mmoja mpole, akijiunga usiku na wenzake watatu, anaweza kuua mbuzi ambaye mchana analala naye. Mmoja akianza mbio, wote wanafuata. Kwa hiyo mbwa asizurure usiku. Mlinzi anayezurura halindi kwako.

Hamu ya kuwinda ina faida pia. Huko Usa River, mkoani Arusha, wamefundishwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu. Wengine wamefanya kazi katika viwanja vya ndege vya Dar es Salaam na Nairobi. Mbwa hao hawajui sheria ya wanyamapori. Kila mmoja amefundishwa kwamba akiipata harufu ile na kukaa chini, atatupiwa mpira akimbize. Anayechaguliwa kwa kazi hii ni yule yule ambaye nyumbani angemaliza kuku wako. Lakini hachaguliwi mbwa anayewauma watu. Hamu wanaitaka, ukali hawautaki.

Mtoto na mbwa

Somo hili wafundishe watoto leo jioni.

Mtoto akikutana na mbwa asiyemjua, asikimbie. Akikimbia anakuwa kuku. Hata mbwa aliyekuwa anabweka tu kwa hofu anaweza kuanza kukimbiza. Mtoto asimame kama mti. Mikono iwe chini, imekaza pajani. Asipige mayowe. Asimtazame mbwa machoni, maana kukodolewa macho humtisha mbwa. Atazame miguu yake mwenyewe. Mbwa wengi watamnusa na kuondoka. Wakiondoka, aende polepole, bila kuwapa mgongo mpaka awe mbali. Akiangushwa chini, ajikunje kama jiwe, uso chini, mikono ifunike shingo na masikio, na anyamaze.

Asimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Asitie mkono penye uzio kumgusa mbwa wa watu. Na mtoto mchanga asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa huyo awe mpole kama kondoo. Mtoto mchanga analia kwa sauti nyembamba, anatupatupa mikono na miguu. Mbwa mwenye hamu kali ya kuwinda anaweza asimtambue kuwa ni mtu.

Ukali ambao si tabia

Kuna ukali mwingine ambao hauna dawa katika mafunzo. Ni kichaa cha mbwa. Jihadhari mbwa akibadilika ghafla. Aliyekuwa mpole anauma. Aliyekuwa mkali anakuwa mtulivu mno na kujificha. Anauma vijiti, mawe na hata hewa. Sauti inabadilika. Mate yanatiririka, hawezi kumeza. Anakwenda mbali bila kujua njia. Mbwa huyu hawindi wala halindi. Ni mgonjwa, na ugonjwa umeingia katika ubongo.

Usimkaribie. Waite watoto ndani, wajulishe majirani, na umwite Bwana Mifugo.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, au mate ya mbwa mgonjwa yakiingia katika kidonda, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Aendelee kuosha kwa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Asitie majani, pilipili, mafuta wala maji ya betri. Kisha aende zahanati siku ile ile. Kama zahanati haina chanjo, wataeleza iko wapi, na safari ifanyike. Chanjo hiyo hutolewa zaidi ya mara moja. Asiache katikati kwa sababu kidonda kimepona. Dalili za kichaa zikianza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15.

Mbwa aliyeuma, kama anaonekana mzima na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kutazamwa siku 10. Akiugua au akifa katika siku hizo, Bwana Mifugo na zahanati waambiwe mara moja. Lakini aliyeumwa asingoje siku 10 ziishe ndipo aende kutibiwa.

Kinga ipo. Mbwa wachanjwe kila mwaka. Kijiji kikichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Chanjo mara nyingi hutolewa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mtoto wako ndiye atakayemshika mbwa kamba siku hiyo, kwa hiyo mzoeze mbwa kamba mapema. Mbwa wengi hukosa chanjo kwa sababu tu hakuna anayeweza kuwashika.

Mazungumzo na mazoezi

Soma tena kesi mbili za mwanzo. Mbwa aliyeua kuku alipigwa jioni. Mweleze jirani yako kwa nini kipigo hicho hakikumfundisha lolote.

Mgeni aliyeng'atwa anasema, "Alikuwa akitikisa mkia." Ungemwuliza maswali gani juu ya mkia huo?

Kesho asubuhi kaa mahali mbwa wako asipokuona vizuri, wakati kuku wanafunguliwa. Mtazame kwa muda wa kunywa chai. Anafika hatua ipi, na anaishia wapi? Andika sentensi tano katika daftari lako, uzilete darasani.